Pengo la Kibos

Tulikuwa watu wazima watatu tunaocheza na treni ya kuchezea, na sijawahi kuona haya kulisema. Waliotaka kucheka walicheka. Mume wangu alicheka kwa miaka, lakini chai yake ya saa kumi aliikuta kwenye themosi kila Jumamosi, hata kama mwenyewe nilikuwa mtaani Kaloleni katika chumba cha nyuma cha duka la fundi cherehani, nimejaa gundi ya unga mpaka viwikoni.

Nilianza kwa sababu ya sketi. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi hapa Kisumu, mwishoni mwa miaka ya themanini, na fundi huyo ndiye aliyetushonea walimu na watoto sare. Alikuwa mtu wa mjini hasa, babu mmoja wa pwani, nyanya mmoja wa hapa ziwani, mpole mno, ila muongo ajabu kuhusu siku ya kuchukua nguo. Siku hiyo aliniambia kwa mara nyingine kwamba sketi yangu bado pindo tu. Nikasema nitasubiri hapohapo. Nikapita pazia kuitafuta mwenyewe, na nikamkuta mzee mmoja ameinama juu ya milango miwili mikuukuu iliyolazwa juu ya mapipa, anapanga vijiti vya mbao kwa koleo.

Ilikuwa reli. Ilianzia kwenye gati la Kisumu, ikapita Kibos, Miwani, Chemelil, Muhoroni na Koru, ikaishia Fort Ternan, kwenye ncha ya mlango wa pili. Niliitazama nikasahau sketi. Kisha hasira ya ualimu ikanipanda, kwa sababu nchi yote ile ilikuwa bapa kama chapati.

"Na milima ya Nandi iko wapi?" nikauliza.

Mzee hakuinua kichwa. "Mlima ilikuwa inangojea mwenyewe akuje," akasema. "Karibu, Mwalimu. Gazeti iko pale, unga iko pale."

Hivyo ndivyo nilivyoajiriwa.

Mzee alikuwa nyapara mstaafu wa njia ya reli. Kazi yake ya maisha ilikuwa kutembea kati ya Kisumu na Fort Ternan na kikosi chake, kukaza bolti, kushindilia kokoto, na kugombeza vijana. Kwao ni Nyakach, upande wa Katito, na huko alikuwa na nyumba nzuri ya bati. Lakini alipostaafu alipanga chumba nyuma ya duka la fundi, akisema usingizi wa Katito haumwingii kwa sababu hakuna treni ya kumwamsha. Urafiki wao ulikuwa wa kutaniana. Fundi alimwita Bwana Chuma. Yeye alimwita fundi Bwana Kesho.

Vitu vya kujengea tuliviokota. Reli zilikuwa vijiti vya shaba ambavyo mafundi wa soko la Kibuye huchomelea vyuma. Kichwa cha treni kilikuwa kopo la mafuta ya kupikia, na ndani yake mota ya kaseti iliyokufa. Magurudumu yalikuwa vifungo vya chuma vya makoti, kikubwa na kidogo vikigandishwa pamoja ili kile kikubwa kishike ukingo wa reli. Wazo hilo lilikuwa la fundi, na alilisimulia kwa kila mteja mpaka likachosha. Umeme ulitoka kwenye betri ya gari, ukapita kwenye reli zenyewe. Mimi nilitengeneza milima, mashamba ya miwa, daraja na ziwa. Nilipokwenda mazishini Usenge nilirudi na mfuko wa mchanga safi wa ufukweni, na shemeji zangu mpaka leo wanaamini niliupeleka kwa mganga.

Tulikuwa na sheria moja, na Mzee ndiye aliyeileta kutoka kazini. Treni haiondoki stesheni mpaka mtu wa mwisho wa njia aulizwe na ajibu. Mimi au fundi tulikaa Kisumu, kwenye swichi. Yeye alikaa Fort Ternan. Tuliita, "Fort Ternan, njia iko wazi?" naye anakagua, anakohoa, anajibu, "Njia iko wazi." Hata kama tunajaribu mwendo wa hatua chache tu, ilikuwa lazima. Mara moja fundi aliwasha bila kuuliza, na Mzee alivaa kofia akaenda zake hadi Jumamosi iliyofuata.

Jambo moja lilitushinda. Treni haikuwahi kufika Fort Ternan bila kusukumwa kwa kidole. Ilifika Miwani ikazima, au ikavuka Miwani ikafia Chemelil. Pale vijiti vilipoungana umeme ulikuwa unapotea, na kila muungano ulikuwa na siku yake ya kununa.

Katikati ya mahangaiko hayo, macho ya Mzee yakaanza kumwacha. Tuliona anapapasa koleo lililo mbele yake. Kliniki walimwambia ni presha ya macho, na kwamba dawa italinda kilichobaki tu, kilichokwenda hakirudi. Alitueleza kuwa anaona kama mtu anayechungulia kwenye bomba, na bomba linazidi kuwa jembamba.

"Mimi nataka kuona hii gari imefika Fort Ternan yenyewe," akasema. "Mara moja tu, bila mkono ya mtu. Halafu macho ikikwisha, nitaenda Katito."

"Katito kufanya nini, Mzee?"

"Na hapa kufanya nini, Mwalimu? Kukalia tu kiti ya watu? Mtu haoni reli, ni nyapara ya nini?"

Nilimwambia, kwa heshima zote, kwamba anaongea upuuzi. Nilikasirika kweli. Nilikuwa na marafiki wachache niliowachagua mwenyewe, wasio wa ukoo wala wa kanisa, na sikuwa tayari kumtoa hata mmoja. Nilienda nyumbani nikaosha sufuria ambazo tayari zilikuwa safi.

Masika ile, mvua ikinyesha na chumba kikiwa baridi hata fundi akavaa sweta, tukaamua kulehemu miungano yote. Kila kijiti kishikane na mwenzake kwa risasi iliyoyeyushwa, kutoka gati hadi Fort Ternan, pasiwe na mahali pa umeme kupotelea. Sote watatu tulikubali, na Mzee alikubali kwa sauti kuliko sisi. Yeye ambaye maisha yake yote aliwafokea vijana kwamba kati ya reli na reli lazima kuwe na pengo, chuma kipate pa kutanukia jua likiwaka. Fundi alimkumbusha hilo.

"Hiyo ni reli ya watu wakubwa," Mzee akajibu. "Hii ni kidogo sana. Jua haiwezi kujua kama iko."

Na kweli, treni ililainika. Ilitoka Kisumu ikateleza kimya hadi Koru, tukatazamana. Kilichobaki ni mwinuko wa mwisho, ambapo kopo lilikuwa jepesi na magurudumu yakizunguka bure. Nikapata dawa yake kwa wavuvi wa Usenge, zile risasi wanazofunga chini ya nyavu ili zizame. Tukazijaza ndani ya kopo. Nilitaka tujaribu papo hapo. Mzee akakataa katakata.

"Laini haifunguliwi kama mlango ya choo," akasema. "Inafunguliwa na watu wameketi."

Tukapanga ifunguliwe siku ya Idi, nyumba ya fundi ikiwa imejaa wageni.

Siku ya Idi palikuwa na jua lile la Kisumu linalomfanya mbwa ahame kivuli hadi kivuli. Wageni hawakutosha chumbani, kwa hiyo wanaume wakaibeba milango yote miwili kwa pamoja, maana reli zilikuwa zimeshikana, wakaiweka uani katikati ya masufuria ya pilau. Mzee alikuja amevaa koti lake la kazi na kofia. Aliinama Fort Ternan, uso wake karibu kabisa na reli, ili bomba lake lione. Watu wakala kwanza. Fundi akatoa hotuba kuhusu vifungo. Jua likaendelea na kazi yake.

"Fort Ternan, njia iko wazi?" nikaita.

Akakohoa. "Njia iko wazi!"

Treni ikaondoka gatini, ikapita nyuma ya sinia la sambusa, na kabla ya Kibos ikapanda juu, ikainama, ikaanguka ubavu. Reli zilikuwa zimejipinda na kuinuka, zimeng'oa vijiti vyake vya mbao na mchanga wangu wa Usenge. Wageni wakacheka wakapiga makofi, wakidhani ndivyo mchezo ulivyo. Mzee akaja akipapasa ukingo wa meza hadi Kibos. Akapitisha kidole juu ya shaba.

"Jua," akasema. Akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika kiti. "Mimi! Nyapara mzima! Omera, kama ni kijana wangu alifanya hivi, ningemfukuza siku hiyo hiyo."

Sisi pia tukacheka. Kisha akavua kofia.

"Basi," akasema. "Leo ningeona."

Nilisikia uchungu ambao sikuwa nimeutarajia siku ya pilau. Fundi aliingia ndani akajifanya anatafuta vijiko.

Tuling'oa kila kitu. Tulikata miungano yote kwa msumeno wa chuma, tukaacha pengo jembamba kila mahali. Fundi ndiye aliyetatua habari ya umeme. Alisema nguo nzuri siri yake ni bitana, basi tupitishe nyaya chini ya mbao na tuunganishe kila kipande cha reli kwa chini, mahali ambapo jua halifiki. Ilikuwa kazi ya kuchosha, ya kulala chali chini ya milango na risasi ya moto ikidondoka. Mzee alikuja mwanzoni akashika taa. Baadaye alikuja akakaa. Kisha akawa anakuja anakaa karibu na mlango, si kwenye kiti chake cha Fort Ternan, na tukajua bomba limeziba.

Jumamosi tuliyomaliza, mwanawe alikuwa amefika kutoka Katito. Kijana mwenye adabu, mfanyabiashara wa mahindi. Sanduku la Mzee lilikuwa limefungwa kamba, limewekwa kizingitini, na baba na mwana wanangoja jua lipungue waondoke. Mzee alikuwa amevaa viatu vya safari.

Fundi alinitazama. Nikakaa Kisumu, kwenye swichi, nikaita kama kawaida, kwa sauti ya darasani.

"Fort Ternan, njia iko wazi?"

Kiti cha Fort Ternan kilikuwa kitupu. Kijana wa Katito akamwangalia babake. Nikaita tena, na nawaapia, ningeita mpaka kesho yake, kwa maana sheria ni sheria na hakuna mwingine mwenye mamlaka ya kujibu.

Mlangoni mtu akakohoa.

"Njia iko wazi."

Nikawasha. Treni ikaondoka, na moyo wangu ukashuka, kwa sababu ule ulaini wote ulikuwa umepotea. Ilikuwa inapiga kelele. Kila pengo lilipogongwa na vile vifungo, vyenye uzito wa risasi juu yake, lililia tik-tik, tik-tik, njia nzima, kama cherehani ya mguu.

Mzee akainua kichwa.

"Iko Miwani," akasema.

Ilikuwa Miwani. Akasimama, mkono mmoja ukutani. Mwanawe akainuka kumsaidia, Mzee akamsukuma arudi kukaa. "Kibigori. Hapo hatukuweka stesheni, lakini ni hapo." Akawa anatembea sambamba na treni, upande wa pili wa meza, bila kugusa kitu. "Chemelil. Sasa inapinda. Sasa Muhoroni." Mwinuko ulipoanza, mlio ukawa wa polepole, naye akapunguza hatua. Ilipovuka daraja langu la vijiti vya mwavuli, sauti ikawa tupu, akatabasamu, akanishukuru. "Ero kamano, Mwalimu. Hiyo ni daraja." Akafika kwenye kiti chake kabla ya treni, akaketi, akanyoosha kiganja mwisho wa njia, na kopo likafika likakigusa likasimama. Hakuna mkono uliokuwa umelisukuma.

Fundi alikuwa analia waziwazi na kujifuta kwa kipande cha kitambaa cha sare za shule. Mimi silii mbele ya watu. Nililia kidogo.

"Irudishe Kisumu," Mzee akasema. "Nisikie ikishuka."

Tukairudisha. Alisikiliza ameinamisha kichwa, anahesabu stesheni kwa midomo. Ilipofika gatini alivua viatu vya safari, kimoja kimoja, akavisukuma chini ya meza.

"Wewe enda, usichelewe gari," akamwambia mwanawe. "Mwambie mama yako mimi nitakuja Krismasi."

Kisha akanigeukia, au tuseme aligeukia upande nilipokuwa, na uso wake ulikuwa ule wa nyapara.

"Pale Kibos. Nani alikata?"

"Ni mimi, Mzee."

"Pengo ni kubwa sana. Gari inaruka."

Nikainuka kuchukua lehemu. "Nitaliziba sasa hivi."

"Wachana nayo," akasema. "Nikisikia imeruka, najua tumefika Kibos."