Feni Isiyosikika ya Bibi Antonia

Katekista Patrisi alikuwa anamshtaki paroko kwa askofu, na alimshtaki kwa sauti ya mtu anayeita ng'ombe ng'ambo ya korongo. Si kwamba alipenda kelele. Ila kwenye steshenari ya Bibi Antonia, nyuma ya stendi ya Karatu, siku hizo hukusikika bila kelele, maana kompyuta ilikuwa inanguruma kuliko lori la vitunguu linalopanda kutoka Mang'ola.

"Andika, paroko anachelewa misa!"

"Anachelewa nini?" Beatrice, binti mchapaji, aliuliza mkono ukiwa sikioni.

"Misa! Kwa sababu ya mpira! Anaangalia mpira mpaka mwisho, hata dakika za nyongeza!"

Paroko alikuwa amesimama mlangoni, ameshika cheti cha kutolewa kopi. Akasikiliza mpaka dakika za nyongeza, akageuka, akavuka barabara kwenda kutoa kopi yake kwa Julius, mwenye steshenari ya pili. Patrisi akamkimbilia nyuma, barua ameiacha hewani. Wateja wawili kwa mkupuo mmoja.

"Mashine hii itanizika," alisema Bibi Antonia. Beatrice hakumsikia.

Bibi mwenyewe aliishia darasa la pili, na hilo la pili alilimaliza kwa kubishana na mwalimu. Jina lake analiandika kwa herufi kubwa, polepole, ulimi nje, kama anayechonga mpini. Ukimuuliza mtu wa aina hiyo anafanyaje biashara ya kuandika, atakujibu kwamba hata mwenye ng'ombe maziwa hayatoki kifuani kwake. Kazi yake pale ni sikio. Mteja anasema, Beatrice anachapa, kisha Beatrice anasoma kwa sauti na Bibi anahukumu. "Hapo umedanganya, rudia." "Hapo umelia sana, mkwe wako atakucheka." Barua za tembo waliokula mahindi, za gari la watalii lililogonga mbuzi, za posa na za talaka, zote zilipita kwenye sikio lile, na watu walirudi kwa ajili yake. Sasa sikio lilikuwa limejaa ngurumo, na hukumu zikaanza kukosewa. Wiki iliyopita mtu aliandika barua ya pole ikatoka ya pongezi, mfiwa akaisoma matangani mbele ya watu.

Hayo yote Bibi angeyavumilia, kwa kuwa kuvumilia makosa yake mwenyewe ni kitu alichokijua vizuri. Aliyemvunja nguvu ni mzee Sakaya.

Sakaya ni mfugaji wa Piyaya. Huko ni mbali, na Karatu huja siku ya mnada tu. Siku hiyo aliingia, akaegesha fimbo ukutani, akamsalimu kwa Kimaasai, "Takwenya." Bibi akaitikia, "Iko," kwa lafudhi ya Kiiraqw, lugha ya kwao, isiyomsumbua hata kidogo. Mzee akaketi, akainama kwa Beatrice, akasema kitu.

"Ongeza sauti, baba!"

Akasema tena. Beatrice akatikisa kichwa. Sakaya akatazama benchi la ukutani ambako watu watano walikuwa wamekaa na masikio yao kumi. Akainuka, akamvuta Bibi nje.

"Mama, yale ni maneno ya kuomba radhi," alisema. "Nanyori, binti yangu, aliolewa na mtu wa jembe. Sikwenda harusini. Sasa ana mtoto, na simu yangu hapokei. Mpwa wangu Ngoyai atakwenda Mwanza baada ya mnada ujao, atampelekea barua mkononi. Mimi sijaomba radhi tangu nitahiriwe. Siwezi kuanza kwa kupiga kelele mbele ya wauza vitunguu."

"Utanong'ona. Njoo mnada ujao."

"Kama mashine yako bado ina kichaa, nitakwenda kwa Julius. Nasikia ya kwake ni bubu."

Afadhali angemtukana mama yake. Julius alikuwa na barua moja tu, aliyoinakili mahali akaibandika kwa kila mtu: ya kazi, ya msiba, ya mapenzi, zote zinaanza "Husika na kichwa cha habari hapo juu." Bibi alimwona akilini Nanyori kule Mwanza akiifungua barua ya baba yake na kukuta imeandikwa kama maombi ya kuunganishiwa maji. Binti akiichana, nani angemlaumu? Na Sakaya si mtu wa kuomba radhi mara mbili. Barua ilikuwa moja.

Beatrice alisema ni feni, ile ndogo ndani ya sipiyu, lile sanduku la kompyuta, inayopooza mashine. Imechoka. Asubuhi yake Bibi akajifunga kanga kiunoni akaenda kwa Jackson, fundi anayeuza vipuri vya kompyuta mkabala na mashine ya kusaga.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Nataka feni isiyosema."

Jackson akamtolea ya kwanza. Akaichomeka, ikawaka nyekundu, kijani, zambarau.

"Hii wanaipenda vijana wa gemu, bibi."

"Mimi nimefungua ofisi, sijafungua disko. Zima."

"Basi hii. Kelele yake ni desibeli ishirini tu."

"Sijakuuliza imesoma mpaka darasa la ngapi. Washa niisikie."

Jackson akaiwasha. Ng'ambo ya njia mashine ya kusaga ilikuwa inasaga mahindi ya nusu ya Karatu, na hakuna aliyeweza kusikia hata mawazo yake. Bibi akaweka sikio, akaliondoa. Akatoka, akavuka njia, akamkuta mwenye mashine, Hhando, mweupe wa unga kuanzia kofia mpaka viatu.

"Hhando, zima mashine."

"Bibi, nina foleni ya watu."

"Na mimi nina mtu mmoja anayewashinda wote hao. Zima, la sivyo nitawaambia barua yako ya mwaka jana ilikwenda kwa nani."

Mashine ikazimwa. Foleni ya akina mama ikanyamaza, ndoo mikononi, wakingoja kujua nani amekufa. Kwenye ukimya huo Bibi akarudi dukani, akainamia feni kama baba yake alivyokuwa akiinamia mzinga wa nyuki. Mzee yule alikuwa akiweka sikio ubavuni mwa gogo, hafungui, na kwa sauti tu alijua nyuki wametulia, wana njaa, au wanajiandaa kuhama. Bibi alikuwa amejifunza kwake akiwa mtoto, na alijua kuwa sauti kubwa si mbaya kama sauti isiyokaa sawa.

Ile ya desibeli ilikuwa ndogo na nyembamba, inakwenda mbio na kulia kama mbu. "Hii ina hasira. Nyingine." Ya tatu ilitulia, lakini kila baada ya kitambo iligonga, tk, tk. Bibi akaizima, akaizungusha kwa kidole, ikakwama haraka. "Hii ina ugonjwa wa mifupa. Unawauzia watu wagonjwa, Jackson?"

"Hiyo imeanguka, bibi, mimi..."

"Nyingine."

Ya nne ilikuwa pana kama sahani ya wali, nyeusi, haina taa wala madaha. Alipoisukuma kwa kidole ilizunguka, ikazunguka, ikasimama kwa hiari yake. Ilipowashwa ikavuta pumzi moja ndefu isiyopanda wala kushuka.

"Mbona hii kubwa ndiyo imenyamaza?"

"Kwa sababu ni kubwa, bibi. Ikizunguka polepole inasukuma hewa ile ile ambayo ndogo inaitafuta kwa mbio. Na hii inapima joto. Mashine ikipata joto, inaongeza mwendo yenyewe."

"Kubwa halafu haina papara. Hii ndiyo marehemu mume wangu alipaswa kuwa. Njoo uifunge."

"Jamani, tusage?" Hhando akaita kutoka ng'ambo.

"Sageni!"

Jackson akaja steshenari, akaivua sipiyu, akaifungua. Nasema akaivua kwa sababu ilikuwa imevaa. Kila kitu cha Bibi Antonia huvaa. Redio ina kitambaa, chupa ya chai ina kitambaa, na sipiyu, kwa heshima yake, alikuwa ameifumia gauni zima la uzi mweupe lenye maua mekundu, limebana pande zote, na kitundu kimoja tu cha kitufe. Jackson akalitupa kitini, akapuliza vumbi jekundu la miaka, akafunga feni pana, akawasha. Kimya. Beatrice alilazimika kugusa sanduku ahakikishe liko hai. Jackson akaondoka, na Bibi, akiwa amejaa fahari, akalivisha sanduku gauni lake.

Kufikia saa sita mchana siku ya pili, ngurumo ilikuwa imerudi, tena na ndugu zake.

Mnada ulikuwa unakuja mbio. Bibi alimfuata Jackson akimtangaza njia nzima: tapeli, mwizi wa vikongwe, mtoto aliyebatizwa kwa maji ya mtaro. Jackson akaja nyuma yake. Akaingia, akapiga magoti, akashika pindo la gauni, akalivuta juu mpaka likatoka.

"Weka mkono, bibi."

Bibi akaweka mkono kwenye bati. Moto kama kikaango.

"Umeinyonga," Jackson alisema. "Hewa inapita wapi? Hata ile ya zamani ilikufa kwa gauni hili."

Wakangoja. Feni ikashuka taratibu, ikawa pumzi, ikapotea. Benchi zima lilikuwa linamtazama Bibi. Patrisi, aliyerudi na barua yake mpya ya kumsifu paroko, alikuwa ameziba mdomo kwa kofia.

"Nilikuwa nataka kulifua," alisema Bibi.

"Bibi, sema tu ulikosea," Beatrice akasema.

"Nilikosea nini? Sanduku limenenepa, gauni limebana. Nani anacheka? Patrisi, unacheka nini na wewe mwenyewe umemkosea paroko?" Akalikunja gauni, akalikalia. Jackson alipofika mlangoni akamwita, akampa chai, na hakuomba radhi hata kidogo. Chai ilikuwa na maziwa mengi; mwenye akili angeelewa.

Siku ya mnada Sakaya akaingia, akasimama, akatega sikio.

"Mmeizima?"

"Inafanya kazi. Keti."

Akaketi, akainama. "Nanyori, mwanangu," alisema kwa sauti ya chini kabisa.

Na hapo Bibi Antonia akaona alichokifanya. Benchi lote lilikuwa limenyamaza. Muuza vitunguu aliacha kutafuna, Patrisi akasogeza shingo. Ndani ya ukimya ule mnong'ono wa mzee ulikwenda moja kwa moja mpaka mlangoni. Sakaya akafunga mdomo, mkono ukaanza kutafuta fimbo.

"Tokeni!" alisema Bibi. "Wote. Nje."

"Bibi, mimi nimewahi namba," alisema muuza vitunguu.

"Namba peleka kwa Julius."

"Hata mimi katekista?"

"Hasa wewe."

Wakatoka wakinung'unika, wawili wakavuka barabara kweli. Bibi akafunga mlango, akajipangusa mikono, akavuta kiti chake. Sakaya alikuwa anamtazama.

"Na wewe, mama."

"Mimi ndiye mwenye duka!"

"Najua. Toka."

Miaka yote ile hakuna barua iliyowahi kuandikwa pale bila sikio lake. Bibi alimtazama mzee, mzee akamtazama yeye, na hakuna aliyepepesa. Kisha akatoka. Akakaa kwenye ngazi ya duka lake mwenyewe, juani, katikati ya watu aliowafukuza.

"Karibu nje, bibi," alisema Patrisi. "Unasikia nini?"

"Sisikii kitu. Feni nimeichagua mwenyewe."

Jua likasogea. Mlango ukafunguka kidogo, Beatrice akachungulia.

"Bibi, mzee anasema uingie. Amekwama."

Bibi hakukimbia. Alijikung'uta kanga kwanza, wakaona wote. Ndani akakaa, akafumba macho, Beatrice akasoma. Mvua imenyesha Piyaya. Ng'ombe mwekundu amezaa jike. Mbuzi wa mama yako wamepona. Ng'ombe mwenye baka amezaa pia.

"Radhi iko wapi?"

"Inakuja," alisema Sakaya.

"Ukurasa wa ngapi? Mzee, unampa binti yako hesabu ya zizi. Siku ya harusi yake ulikuwa wapi?"

"Nyumbani."

"Ukifanya nini?"

Mzee akanong'ona. Kwa mashine ile ya zamani wasingemsikia.

"Nilikuwa nimevaa," alisema. "Nilioga alfajiri, nikavaa shuka jipya na viatu. Nikakaa mlangoni nimevaa mpaka jua likazama. Sikuinuka."

Beatrice aliacha vidole hewani. "Niandike samahani baada ya hapo?"

"Andika alivyosema," alijibu Bibi. "Usiongeze kitu."

"Na ng'ombe? Niwafute?"

"Waache ng'ombe. Asipowaona hataamini ni baba yake."