Rai ya pili anayo Maryam

Leo nimeumbuliwa na darasa langu mwenyewe, mbele ya mkaguzi.

Iko hivi. Nasomesha wasichana wa darasa la kumi, hapa Al Khoudh. Mkaguzi alisema atakuja kuangalia kama wanafunzi wangu wanafikiri wenyewe au wanakariri tu.

Mimi nikafanya nini? Jana nikawafanyisha mazoezi ya kufikiri wenyewe.

(Walimu wenzangu, msijitie kushangaa. Nawajua.)

Basi leo nikauliza, kama vile swali limenijia pale pale: soko la mboga la Mawaleh kuhamishwa, ni jambo jema?

Mikono juu. Zuwena akajibu vizuri kabisa, kwamba foleni za magari zimepungua. Mkaguzi anaitikia kwa kichwa, mimi roho kwatu.

"Ahsante," akasema mkaguzi. "Nani ana rai nyengine?"

Mikono yote ikashuka, wakaanza kutazamana.

Mwisho Shamsa akasimama, kwa adabu zake zote.

"Ustadha, rai nyengine anayo Maryam. Leo hakuja, anaumwa."

Wallahi nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Mkaguzi akajizuia kucheka. "Na wewe Shamsa, unaonaje?"

Shamsa akafikiri kidogo.

"Mie naona rai ya pili wangepewa watu wawili. Mtu huumwa."

Mkaguzi akanigeukia taratibu. "Hili," akasema, "hamkulifanyia mazoezi."

Haya, chekeni. Mkimaliza mniambie: hapo nimefaulu au nimefeli?