Bibi Raheli na Mke Mwenzake

Kila Jumamosi nyumba ya bibi yangu ilinuka samadi mbichi. Alisiriba sakafu kwa mikono yake, akaacha milango wazi ikauke kabla ya ibada, nasi wajukuu tukabaki nje tusiikanyage. Tuliishi kando ya ziwa, upande wa Kisorya, na Bibi Raheli, mama yake baba, alikuwa kiongozi wa akina mama kanisani. Hatukuonja hata uji kabla hajasema amina. Lakini nyuma ya migomba yetu aliishi Nyakwesi, mke wa pili wa marehemu babu. Hakuwa na mtoto, hakubatizwa, na alipika pombe ya mtama. Bibi hakuwahi kumtukana, ila hakumsalimia pia. Mimi nilikwenda kwake kwa kuibia, kwa ajili ya viazi vyake vya kuchoma.

Nilikuwa darasa la pili tulipoambiwa tuhamie kijiji cha ujamaa, juu karibu na barabara. Karani aliketi mbele ya kanisa na daftari lake, kila kaya ikaitwa ipewe kiwanja. Nyakwesi hakuitwa. Alipouliza, karani akamjibu kwamba mwanamke asiye na mume wala mtoto arudi kwa ndugu zake. Ndugu zake walikuwa wamekwisha kufa wote. Alikaa chini palepale aliposimama.

Bibi akainuka, akapita katikati ya watu mpaka mezani, nami nimeshika kanga yake.

“Mwandike kwangu,” akasema. “Tutakaa nyumba moja.”

Mzee wa kanisa alimvuta pembeni, akamkumbusha kwa upole kwamba kiongozi wa akina mama hawezi kukaa na mpika pombe.

“Baba, huyu nilikuwaga namwombea kwa mbali,” bibi akamjibu, “maana nilikuwa na hasira naye. Kama uongozi ndio unanizuia, chukueni.”

Waliuchukua. Kwa misimu miwili ya pamba aliongoza mama mwingine, na bibi akakaa benchi la nyuma, akiimba kwa sauti kubwa kuliko wote. Nyakwesi aliacha kupika pombe, si kwa kuokoka, bali kwa sababu bibi alimwambia ile harufu inamtapisha. Waligombana juu ya chumvi, juu ya kuku, juu ya nani amemdekeza mjukuu yupi. Hakubatizwa mpaka mwisho. Alipougua, bibi ndiye aliyemwosha na kumlisha, na alipofariki, mzee yuleyule wa kanisa alikuja na jembe lake kuchimba kaburi, bila kuitwa.

Siku hizi naishi Iringo, Musoma mjini, katika nyumba ya matofali yenye geti. Sitaki kuyapamba maisha yale. Tulihama tukaacha mihogo ikiozea ardhini, na wapo waliolia njia nzima. Ila naijua vizuri kazi aliyoifanya bibi, kwa kuwa nami ilinifika. Mwaka jana, baada ya kumzika mume wangu, alikuja mwanamke nisiyemjua na mtoto mwenye sura ya marehemu kabisa. Ndugu walinitaka nimfukuze. Bibi aliamua kwa muda wa kutembea kutoka alipoketi hadi meza ya karani. Mimi ilinichukua siku tatu. Siku ya nne nilimpigia simu yule mama, nikamwambia waje na nguo zao.