Nilikunywa mizizi ya usingizi asubuhi ya mahari ya binti yangu

Wakuu, shikamoo zenu nimezipokea, mimi ni mtu mzima. Haya yamenikuta mwenyewe hapa Buseresere, sijaongeza chumvi.

Shule niliishia la tatu. Lakini nina makarasha mawili ya kusaga mawe ya dhahabu na nyumba ya bati la rangi. Nasema tu mjue mnaongea na nani.

Shida yangu usingizi. Kichwa kinasaga usiku kucha. Mama mmoja wa mnadani akanipa mizizi: "Baba, chemsha. Kikombe kimoja, ukiwa kitandani."

Sasa siku wakwe wanakuja kupanga mahari ya binti yangu Kabula, niliamka na presha. Nikanywa kikombe nitulie. Sikusikia kitu. Nikaongeza cha pili.

Wageni wakaja, wakaketi. Mshenga wao akataja ng'ombe kumi.

Mimi niliishia hapo. Mengine kanisimulia mke wangu.

Nilikaa wima kabisa, na miwani yangu ya jua. Kimya. Mshenga akadhani nimekataa.

"Haya mzee, kumi na wawili."

Kimya.

"Kumi na wanne!"

Nikakoroma kidogo. Wakajua naguna kwa dharau. Walifika kumi na nane, wakuu!

Kisha wakaanza kuinuka, wanasema mzee huyu ana roho ya jiwe. Kabula nyuma ya mlango anamlilia mama yake: "Mayu, baba ananifukuzia mume!"

Mke wangu akanikanyaga mguu. Nikashtuka, naona watu wamesimama. Nikasema kwa sauti, "Karibuni wakwe! Mmefika saa ngapi?"

Mshenga nusura anipige na fimbo yake. "Kumbe tunabembeleza mtu aliyelala!"

Nikaona mwanangu anakosa ndoa hivi hivi. Nikasema ng'ombe walioongezwa nikiwa usingizini siwatambui, turudi kumi. Baba wa kijana akaanza kucheka, wote wakacheka, wakakaa. Ndoa ipo.

Juzi huyo baba karudi peke yake. Nikajua ananiletea maneno. Kanivuta pembeni: "Mkwe, ile mizizi ilibaki? Jumamosi wanakuja kupanga mahari ya binti yangu."

Nimempa nusu. Nusu nimeficha, Kabula ana wadogo zake wawili wa kike.

Funzo: dawa ya usiku inyweni usiku. Nani mwingine ilishamlaza mbele ya wageni? Semeni, msinicheke tu.