Posa ya Hifadhidata

Wijdan alikuwa mtu pekee wa kompyuta katika duka la Abu Mutasim pale Irbid, duka linalokodisha mahema, viti na taa kwa harusi na misiba ya mji mzima. Oda zilikuwa zikija kwa ujumbe wa simu, kila dereva na zake. Ndivyo ilivyotokea, kiangazi kilichopita, hakimu mstaafu akaombolezwa chini ya taa za rangi, pembeni ya kiti cha bibi harusi, huku msomaji wa Qur'ani akiingia kwenye harusi ya watu na kuuliza kwa upole marehemu ni nani. Lawama zote zikamwangukia Wijdan.

Sasa, mwezi wa sita, wenyeji waliokuwa wakifanya kazi nchi za Ghuba walianza kurudi nyumbani kuozesha, naye alikuwa ameapa: msimu huu ukianza bila programu ya kupangia oda, anaacha kazi na kurudi kufundisha watoto hesabu, kazi aliyoikimbia akilia.

Alijaribu majukwaa kadhaa ya hifadhidata. Moja lilimtaka kwanza asome kitabu kinene kama tofali. Jingine lilidai malipo kwa kila dereva, hata aliye likizo. Mwisho akachagua dogo, la kawaida: unapanga fomu asubuhi, jioni dereva anaifungua kwenye simu yake bila kusakinisha kitu, na akiwa kijijini kusiko na mtandao, alichoandika kinangoja mpaka arudi barabara kuu. Akaingiza oda zote za mwezi ili bosi aone. Kilichobaki ni Abu Mutasim kusema ndiyo.

Lakini Abu Mutasim alikuwa na shemeji. Abu Shadi, kaka wa mkewe, aliuza jukwaa kubwa la hifadhidata, lenye seva inayotaka chumba chake na kiyoyozi chake. Alipoona maneno yake hayaingii, akafanya jambo ambalo Wijdan hakuliwazia hata kidogo: alileta jaha, msafara wa wazee wa kumwombea haja.

Wazee wakaingia dukani kwa mstari, Abu Shadi nyuma yao, majoho yamepigwa pasi, sawasawa na watu wanaokwenda kuposa. Kahawa ikamiminwa. Kila mmoja akaweka kikombe mbele yake bila kukigusa, kwani kahawa ya jaha hainywewi mpaka mwenyeji akubali haja iliyowaleta, na hakuna mwenyeji anayependa kuiona kahawa yake ikipoa.

Kiongozi wao, Abu Nayef, akasafisha koo. "Abu Mutasim, tumekuja kuliposa duka lako tukufu. Tunaiposea hifadhidata ya shemeji yako. Ni ya ukoo mzuri. Haivuti sigara."

"Inaswali?" aliuliza mzee mmoja, akakanyagwa mguu.

Abu Mutasim akamtazama Wijdan kwa macho ya mtu anayezama. Kuikataa jaha ni aibu, na mkewe alikuwa nyumbani anasubiri habari.

"Mzee Abu Nayef," Wijdan alisema, sauti ikitoka nyembamba kuliko alivyotaka, "si na wewe unaozesha?"

"Naam! Nayef wangu, Ijumaa ijayo. Hema kubwa. Nilishamwambia dereva wenu."

"Dereva yupi?"

"Yule mnene."

"Wote wanene, mzee."

Wijdan akatazama simu yake. Oda ya Nayef haikuwepo, na hema kubwa siku hiyo lilikuwa limechukuliwa na watu wa mahafali. Abu Nayef akashika kifua. "Abu Shadi! Hebu hifadhidata yako nayo inasemaje?"

"Itasema tu," Abu Shadi akajibu. "Mwezi wa kumi na mbili, tukishafunga kiyoyozi."

"Mwezi wa kumi na mbili mwanangu atakuwa na mtoto!"

"Haa! Miezi sita tu, Abu Nayef?" akauliza yule aliyekanyagwa mguu, na wazee wakaangua kicheko mpaka vilemba vikalegea.

"Lipo hema kubwa jingine," Wijdan akasema. "Linarudi Alhamisi kutoka Ajloun. Nikuwekee?"

"Niwekee, binti yangu, niwekee!"

Wakamzunguka. Mmoja akataka pawe na mahali pa kuandika kahawa iwe na sukari au bila. Wijdan akapaongeza pale pale. Mwingine akataka pa kuandika nani asikalishwe karibu na nani. Akapaongeza. Abu Nayef alipoliona jina la mwanawe kwenye kioo cha simu, akashusha pumzi, akachukua kikombe, akakimaliza kwa mkupuo.

Wazee wote wakakikodolea macho kikombe kitupu.

"Abu Nayef, umekunywa!" Abu Shadi akapiga ukelele.

"Nimekunywa nini?" Akatazama kikombe. "Lo!"

"Na mimi sijakubali kitu," akasema Abu Mutasim upesi, huku akijizuia kucheka. "Aliyekunywa kahawa ya jaha hana haja tena. Au bado unayo, Abu Nayef?"

Mzee akafikiri kwa unyofu. "Nilikuwa na haja ya hema. Nimelipata."

Wazee wengine wakamshukuru Mungu, wakanywa zao, wakakunja nyuso. Ilikuwa baridi kama maji ya kisima. Abu Shadi akanywa wa mwisho, taratibu, kama anakunywa dawa.

"Anza nayo kesho," Abu Mutasim akamwambia Wijdan. "Dada yake Abu Shadi nitazungumza naye mimi. Mungu anisaidie."

Abu Nayef alikuwa tayari amevuta kiti karibu na Wijdan. "Andika, binti. Mama Nayef asikae na wifi yake. Wifi yake asikae na mtu yeyote. Umeandika?"