Paa Zima kwa Saa Moja Angani

Kwanza naomba radhi kwa mwandiko wangu, na kwa maneno ambayo huenda nimeyakosea herufi. Shule niliiacha baada ya darasa la nane, na mikono yangu imezoea kushona makuti kuliko kushika kalamu. Naandika polepole, nafuta, naanza tena. Lakini jambo lenyewe limenijaa kifuani, na kwa mdomo siwezi kulisimulia mbele ya watu.

Kwetu ni ndani kidogo ya Msambweni. Mimi na mama ni washonaji wa makuti. Unalikunja jani la mnazi juu ya kijiti kirefu, unalishona, unakunja jingine mpaka kijiti kijae, na hilo ndilo kuti moja. Gari huja kuyachukua kuezekea hoteli na nyumba za wageni huko Diani. Mdogo wangu wa kike alisoma hadi kidato cha nne akapita vizuri. Uwezo wa nyumbani ulikuwa wa mtoto mmoja, na yeye ndiye aliyependa vitabu.

Mwaka aliomaliza shule, fundi mmoja aliyekuwa akiezeka hoteli moja ya Diani kwa makuti yetu alitaka wanawake wa kumshonea ya kuzibia mapengo pale pale hotelini. Tulikwenda sote watatu. Mafundi walikuwa juu ya paa, sisi tumekaa chini kivulini, ndipo helikopta ikaja.

Nilikuwa nimezoea kuziona zikipita mbali, ndogo kama nyigu, zikiwapeleka watalii upande wa Funzi. Sikuwa nimeona hata moja ikishuka. Kifua changu kilitetema kabla masikio hayajapata sauti. Nyasi za uwanja zikalala zote kwa pamoja, kana kwamba zimeamrishwa. Mafundi wakalala kifudifudi wakakumbatia boriti. Mama alijitupa juu ya rundo la makuti yetu huku akisema, "Subhanallah, Subhanallah." Mimi nilijifunika leso. Nilipochungulia nilimwona mdogo wangu amesimama wima, leso imemtoka kichwani, mchanga unampiga usoni, na yeye hata hapepesi.

Mashine iliponyamaza alishuka rubani, naye alikuwa mwanamke. Alikuja kwenye bomba la bustani karibu nasi kunawa uso.

"Shikamoo," mdogo wangu akamwambia.

"Marahaba. Wataka picha? Njoo usimame pale mlangoni."

"Hapana. Nataka kujua ulilipaje."

Rubani alicheka, maji yakimdondoka kidevuni. "Watu huniuliza kama naogopa, ama kama nimeolewa. La kulipa, wewe ndiwe wa kwanza."

Kisha akakaa juu ya ukingo wa bustani akamweleza kama mtu na mdogo wake. Baba yake aliuza nusu ya shamba. Ada iliyobaki aliifanyia kazi mwenyewe, kwenye ofisi ya kukata tiketi. "Ukingoja pesa zipatikane zote, utazeeka ukingoja," alisema. "Lipa saa. Ukiwa na ya saa moja, ruka saa moja, uandikiwe kwenye daftari lako la urubani, kisha urudi kutafuta nyingine."

"Na saa moja ni pesa ngapi?"

Akamtajia. Mama akasema, "Lahaula!" Mimi niliinua macho nikaliangalia paa lililokuwa juu yetu. Bei ile ilikaribiana na ujira wetu wa paa lile zima, makuti yote tuliyoyashona tangu vuli. Paa zima kwa saa moja angani. Nilidhani nitavunjika moyo. Kumbe nilibaki nikishangaa kwamba vitu viwili hivyo vinaweza kuwekwa kwenye mzani mmoja, na kwamba majani yanayopita mikononi mwangu yana njia ya kufika kule juu.

Tukaanza kutafuta. Ofisi ya basari, inayotoa misaada ya karo, ilitupokea kwa heshima, lakini karani alisema fedha zile ni za vyuo anavyovijua, na cha kurusha helikopta hakimo. Akamuuliza mdogo wangu kama hapendi ualimu. Tukafanya mchango nyumbani. Majirani walikuja, wakala wali, wakatoa walichojaaliwa, na wakacheka pia.

"Haya, rubani," jirani mmoja alisema, "ukihitimu utatua wapi hapa kwetu? Juu ya mkorosho?"

"Nitatua uwanjani kwako," mdogo wangu akamjibu. "Kuku wako wakiruka, usije kunidai."

Mchango ule ulitosha kumpeleka kwa daktari, kwa sababu rubani hupimwa macho, masikio na moyo kabla ya lolote. Alipita. Lakini saa ya kuruka hatukuwa nayo hata moja.

Ndipo bibi, mama yake mama, aliposema ataiweka minazi yake rehani. Kwetu shamba laweza kuwa la huyu na minazi ikawa ya yule. Ukiiweka rehani, mwenye fedha anakupa fedha zake, naye anaangua nazi mpaka siku utakapomrudishia. Wengine hawarudishi kamwe, na wajukuu zao huomba nazi ya kutilia mchuzi chini ya minazi iliyopandwa na babu yao.

"Minazi hii nilipewa na baba yangu nilipoolewa," bibi alisema, "nisimwombe mume pesa ya chumvi. Mume ameshakufa na chumvi naipata. Nimwekee nani?"

"Na sisi, mama?" mama akamuuliza. "Tutashona nini?"

Majani yetu karibu yote yalitoka kwenye minazi ile. Tukiitoa, mdogo wangu angeruka saa chache za mwanzo, kisha tungekaa sote tunatazamana, bila nazi na bila makuti.

Mwenye fedha, mnunuzi wa nazi, alikuja asubuhi pamoja na wazee wawili wa kushuhudia. Alizunguka akiigonga minazi kwa ufito, mmoja baada ya mwingine, akitazama juu. Akarudi akaketi mkekani, akataja fedha. Wazee wakaona ni haki. Halafu akasema, "Lakini tuelewane. Mnazi ukiwa rehani kwangu, ni wangu tangu mzizi hadi kilele."

Mimi nilikuwa nyuma ya mlango na sinia la kahawa. Mbele ya wageni huwa sisemi. Hata salamu naitoa nikiangalia chini. Sijui ni nini kilinisukuma. Nilisikia sauti, na ilikuwa yangu.

"Na makuti je?"

Wote wakageuka. Nikaliweka sinia chini.

"Kumbe huyu ana ulimi!" mnunuzi akasema. "Miaka yote nikipita hapa nilidhani mna bubu."

"Ana ulimi, na amekuuliza," bibi akamwambia. "Mjibu."

Nikaendelea upesi kabla woga haujanirudia. "Baba, wewe biashara yako ni nazi. Mkwezi wako akipanda kuangua, ayakate yale makuti yaliyokomaa yanayoning'inia chini, ayaangushe. Machanga asiyaguse. Sisi tutayaokota. Wewe utapata minazi iliyosafishwa, panya hawatapata pa kulala, na nazi zako hazitapungua."

Aliukuna ufito wake. "Na mkwezi nimlipe mimi kwa kazi yenu?"

"Tutampa chakula kila siku ya kuangua," mama akadakia.

"Chakula gani?"

"Wali wa nazi," mama akasema. "Nazi yako."

Wazee walicheka mpaka mmoja akakohoa. Mnunuzi naye akacheka, japo hakutaka. Akanyoosha mkono. Nazi zikawa zake, makuti yakabaki kwetu, tukasoma Fatiha. Nikawamiminia kahawa, imekwisha kupoa.

Mdogo wangu akaenda Nairobi, kwenye chuo cha urubani. Siku aliyoruka mara ya kwanza alinipigia simu alasiri, nikaiweka simu juu ya mkeka niendelee kushona, lakini mikono ilisimama yenyewe.

"Dada, haipai kama ndege," alisema. "Ndege hukimbia kwanza. Hii inakuinua tu, kama mtu mzima anavyomnyanyua mtoto kwa makwapa."

"Hukuogopa?"

"Niliushika usukani kwa nguvu, ikanikimbia. Mwalimu akaniambia, shika kwa vidole, kama unashika yai. Tena usitazame karibu, tazama mbali."

Akanieleza kwamba lililo gumu kuliko yote ni kusimama hewani. Kwenda mbele hujifunza kila mtu. Lakini kukaa pale pale, kimo cha mtu kutoka ardhini, upepo ukisukuma huku na mashine ikivuta kule, na wewe usisogee hata hatua, hilo lilimtoa machozi. Wiki nyingi baadaye akaniambia amelipata. Alisimama hewani, na majani chini yake yakalala kwa duara. Nilitoka nje nikawatazama kuku, mkorosho na kamba ya nguo, na kila kitu kilionekana kigeni. Mtoto niliyembeba mgongoni amekaa juu ya hewa tupu, na hewa imekubali.

Siku hizi nikienda Diani huwatazama watu wakinywa soda chini ya mapaa yetu. Paa la mgahawa mmoja, ambalo ujira wake tulimtumia mdogo wangu, najua ni somo la kutua penye mteremko. La nyumba moja ya wageni ni siku injini ilipopunguzwa makusudi ili ajifunze kushuka bila nguvu yake. Wanakula samaki wao, hawajui wamekaa chini ya nini.

Lakini sasa tumekwama. Msimu ni mbaya, na baadhi ya hoteli zinaezeka kwa makuti ya plastiki yanayoletwa na meli. Mdogo wangu amerudi, anafanya kazi kwenye uwanja mdogo wa ndege Ukunda, anapima mizigo na kufuta vioo vya helikopta. Rubani wa pale akirudi bila abiria humchukua, lakini saa hizo haziandikwi. Mitihani ya darasani aliyoipita ina muda wake, na muda huo ukiisha ataianza upya. Saa zilizobaki kufikia leseni ya kwanza ni nyingi kuliko mapaa yanayoagizwa. Jana nilimwona amekaa ukingoni mwa kitanda, macho ameyafumba, mkono mmoja magotini na mwingine ubavuni, vidole vinasogea kidogo sana. Alikuwa anarusha. Nilisimama mlangoni nisimwangushe.

Ndiyo sababu nimeandika. Huenda kati yenu mnaosoma haya yupo aliyesomea urubani bila kuwa na baba tajiri, au aliyemsomesha mwanawe, au anayejua mlango ambao sisi hatujaugonga. Uwe ni mkopo, ni kazi, ni kuuza kitu ambacho hatujafikiria kwamba chauzika, niandikieni. Nielezeni mlivyolipa saa moja moja, hata kama hamkufika mwisho.