Marahaba Katikati ya Mbuzi

Harufu ya mbuzi ikichanganyika na ya halwa ya zafarani, kwa watu wa Ibra, huku Oman, ndiyo sikukuu yenyewe. Mimi ikinifikia puani humshika mkono aliye karibu nami mpaka leo, na wanangu hunicheka kwa hilo. Siku chache kabla ya Idi huwa kuna soko tunaloliita habta, yaani mteremko, kwa sababu watu wa vijijini na wa jangwa la mchanga huko Bidiya huteremka na mifugo yao alfajiri, wakauza, wakanunua, na jua likianza kuwa kali kila mtu ameshapakia mbuzi wake garini na kuondoka. Chini ya mitende madalali huwazungusha mbuzi kwa kamba ndani ya duara la wanunuzi, wakinadi kwa sauti zilizokauka. Pembeni zinauzwa bakora, majambia, mifuko ya makuti ya kufukia nyama ya Idi iive kwenye shimo la moto, na filimbi za plastiki zinazowatia wazazi wazimu. Mtoto wa Ibra huingojea habta kuliko Idi. Nami nilikuwa nikiingojea hivyo, mpaka mwaka ule niliong'oka meno ya mbele.

Mwaka ule Bibi, mama yake Mama, alikuwa ameanza kupotea akiwa amekaa palepale kitini. Alizaliwa Unguja, akaja Oman mtu mzima na watoto wake, na Kiarabu alichojifunza huku kilikuwa cha kwanza kumtoka. Kisha yakamtoka majina yetu. Ng'ombe akivunjika guu hurejea zizini, na akili ya Bibi ilipovunjika ilirejea Kikwajuni, mtaa aliokulia. Ukimwuliza asubuhi anaenda wapi na buibui lake, alikujibu kuwa anakwenda kwao, kama kwamba kwao ni hapo nyuma ya msikiti wetu. Mama alimfukizia ubani, akamsomea, akampeleka hospitali, akampikia kila alichowahi kukipenda. La kuvunda halina ubani, jirani mmoja alimwambia, na Mama hakumsamehe kwa neno lile, ingawa sote tulijua kuwa ni kweli.

Baba alikuwa kazini mjini Sur, na Bibi hakuwa mtu wa kuachwa peke yake, basi tukaenda naye habta. Mama alimshika mkono njia nzima. Bibi alijivalia barakoa yake nyeusi usoni na shela la maua, kama walivyovaa wazee wengine wote wa kike pale, na alionekana amefurahi. Mama aliinama kumtazama mbuzi meno, kitu ambacho huwezi kukifanya kwa mkono mmoja. Duara la wanunuzi likasogea, dalali akapita na beberu mkubwa katikati yetu, na Mama alipoinuka Bibi hakuwapo.

Mwanzoni tulitafuta kwa macho, na macho hayakutufaa kitu. Kila upande kulikuwa na barakoa nyeusi na mashela ya maua. Mama alimshika bega mwanamke mmoja, akamgeuza, akaomba radhi, akamshika mwingine. Nikaita, "Bibi! Bibi!" kwa sauti yangu yote, na vikongwe kama kumi wakageuka kwa pamoja, maana Ibra yetu nusu ya wazee wa kike wametoka Unguja kama yeye, na ni bibi wa mtu kwa Kiswahili. Siku nyingine ningecheka. Magari yalikuwa yakiondoka moja baada ya jingine kurudi Bidiya na Sinaw, na Mama alikuwa akiyakimbilia na kuchungulia ndani. Watu wa huku ni wakarimu. Wakimwona ajuza njiani watampakia, wamuulize kwake wapi, naye atawaambia Kikwajuni.

Mama akamwendea dalali, mzee aliyekijua Kiswahili kwa kuwa aliwahi kuishi Pemba. "Ammi, mamangu kapotea. Nakuomba umwite kwa sauti yako hiyo."

"Jina la mwanamke nitalinadi vipi baina ya mbuzi, binti yangu?" alisema, na kweli alionekana kaumia. "Niambie ni Umm nani, mama wa mtoto gani."

Akamwita Umm Said, mara nyingi, kwa moyo safi. Bibi hakuwa tena Umm Said. Watoto wote aliowazaa walikuwa wamemtoka kichwani, na sisi tulijua hivyo wakati dalali wa watu akijipasua koo. Mama alikaa chini kwenye vumbi, akashika kichwa. Sikuwahi kumwona akikaa chini mbele za watu. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa, nikarudi kinyumenyume, nikamkanyaga mzee wa kike aliyekuwa nyuma yangu. Nikafanya nilichofunzwa tangu kujua kusema.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba, mwanangu," akaitika chini ya barakoa, na wawili waliokuwa naye wakaitika pia.

Mama akainua kichwa. "Sema tena," akaniambia. Bibi alikuwa amesahau kama amekula, amesahau kama mumewe kafa, lakini hajapata kuiacha shikamoo ianguke chini bila ya kuidaka. Tukaingia katikati ya soko tukiamkia hewa. Mama, ambaye hakupata kupaza sauti mbele ya wanaume, alipiga kelele "Shikamoo!" kama anauza kitu. Marahaba zilitoka kwa wauza halwa, kwa wazee waliojiegemeza bakora, kwa mwanamke aliyebeba kuku. Kila moja ilikuwa ya mtu mwingine. Soko likaanza kwisha, marahaba zikapungua, Mama akaendelea kuita huku analia. Tulipofika kwenye falaji, mfereji wa maji ya mashamba, nyuma ya mbuzi waliobaki, tukaisikia, ndefu na ya kuvuta, ya Unguja hasa.

"Marahabaa."

Alikuwa ametia miguu majini, ameshika kamba ya mbuzi wa watu. Mama akapiga magoti mbele yake. Bibi akamtazama kwa adabu anayopewa mgeni. "Mtoto wa nani wewe?"

"Wako, mama. Mimi Salma."

"Salma wangu bado mdogo," Bibi akasema. Kisha akaniona mimi, akaachia kamba, akanivuta kifuani. "Huyu hapa. Nimekutafuta wee."

Mama aliinuka. Alichukua viatu vya Bibi, akatutangulia kwenda nyumbani, na mbuzi mwaka ule hatukununua.

Habta ipo bado. Siku hizi ina maturubai, ina watalii wenye kamera, na mbuzi bado wanazungushwa. Mwaka jana nilipita na binti yangu nikawaamkia shikamoo wazee wa kike niliowakuta. Wakanijibu wa alaikum salaam, kwa uso mzuri, wakaendelea na biashara zao. Binti yangu akaniuliza nimewaambia nini. Kosa langu hilo? Pengine. Nilimfundisha Kiarabu kwa ajili ya shule na Kiingereza kwa ajili ya kazi, na nikipotea mimi sijui ataniita kwa neno gani. Mama sasa anakaa nami, kwenye kiti kilekile cha Bibi. Ameanza kuniuliza jambo moja mara mbili, mara tatu. Kila asubuhi namwamkia kabla sijafungua dirisha, nikasimama nikangoja. Bado anaitika. Jana alichelewa.